Nilimwonea Wivu Aliyemmezesha Mwanangu Dawa

Wiki nzima simu yangu haikupoa. Mnaonisoma mmenitumia pole, wengine mmemlaani baba mtoto, na dada mmoja kanitumia sala ndefu mpaka simu ikajizima. Nawashukuru. Ila hizo pole zirudisheni mfukoni kwanza. Huko tulikotoka nilikuwa nakosewa mimi. Leo mkosaji ni mimi.

Kwa aliyetukuta njiani: mimi ni fundi wa makochi. Nachana vitambaa vilivyochakaa, nabadilisha sponji, nashona upya. Naishi na virusi vya ukimwi, na mwanangu wa pekee alizaliwa navyo. Ana miaka kumi na miwili. Tunamwita Chiriku, kwa sababu alianza kuongea kabla ya kutembea.

Baba yake ni fundi friji. Alipimwa akakutwa hana, akafunga begi mtoto akiwa na miaka mitano. Akaoa mwingine.

Mwaka jana Chiriku akanyamaza. Akawa anasinzia darasani, anakonda, akiulizwa kitu anatikisa kichwa. Kipimo cha damu kikasema virusi vimepanda.

"Unameza dawa?"

"Nameza, mama."

Mpaka siku nilipoamua kulishona upya kochi letu la nyumbani. Nilipochana kitambaa cha chini, vidonge vikamwagika sakafuni kama shanga zilizokatika uzi. Miezi minne ya vidonge. Mtoto wa fundi wa makochi alikuwa ameficha ugonjwa wake ndani ya kochi.

Nesi wa kliniki ndiye aliyeshauri Chiriku akakae kwa baba yake muhula mmoja. Kule saa ya dawa kuna mtu mzima nyumbani, na mimi nitapata kupumua. Nikakubali kwa aibu. Tuliishia pale nilipomkabidhi mke wa baba yake begi la mwanangu, naye akaniambia kwa ile sauti yake ya chinichini, "Usijali, dada. Tutakwenda taratibu."

Tangu siku hiyo moyoni nilimpa jina. Bi Taratibu.

* * *

Miezi mitatu ikapita. Tukaitwa kliniki kuchukua majibu.

Chumba cha nesi kina viti viwili vya wageni. Nilipofika, Bi Taratibu alikuwa amekalia kimoja, na Chiriku ameegemea goti lake. Nikakaa kwenye kile kingine. Goti langu lilikuwa tupu.

Nesi akaangalia karatasi, akaangalia skrini, akacheka peke yake.

"Havionekani!" akasema. "Virusi havionekani kwenye kipimo. Sikilizeni vizuri, havijaisha. Vimelala. Na vitaendelea kulala mradi dawa zisikatike."

Chiriku akaruka. Akamkumbatia Bi Taratibu shingoni mpaka kilemba cha watu kikaanguka. Halafu ndipo akakumbuka kwamba na mimi nipo. Akaja kunikumbatia kwa mkono mmoja, kama mtu anayemsalimia mgeni wa baba yake.

Niliomba habari ile kwa magoti miezi mingi. Ilipokuja, mimi nilichokiona ni mkono wa mwanangu kwenye shingo ya mwanamke mwingine.

"Mama mdogo," nesi akamwambia Bi Taratibu, "Jumamosi ya walezi naomba uje uwaeleze wenzako. Umefanyaje?"

"Sikufanya kitu," akajibu. "Tunameza pamoja tu."

"Pamoja vipi?" nikauliza.

"Yeye zake, mimi zangu. Mimi nina vitamini zangu."

Chiriku akainamisha macho. Nililiona lile. Mama aliyezaa haoni vizuri, lakini mama mwenye wivu anaona mpaka nyuma ya ukuta.

Kabla hatujatoka, nesi akanivuta kando.

"Na wewe, mama? Unalala?"

"Nalala."

"Unakula?"

"Nesi, mgonjwa ni mtoto."

"Nimeuliza kuhusu wewe. Tuna mshauri hapa, Jumanne na Alhamisi. Si lazima mtu awe amepasuka ndipo ashonwe."

Nikamjibu kwamba mimi ndiye fundi, nikihitaji kushonwa nitajishona. Nikaona nimesema la maana sana.

Nje, Bi Taratibu akanisubiri.

"Hongera, dada."

"Hongera ni zako. Si wewe ndiye daktari?"

Hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. Akasema, "Njoo Jumapili utuone tunavyofanya. Chiriku atafurahi."

* * *

Jumapili nikaenda. Sikwenda kuona. Nilikwenda kutafuta kosa.

Uani kwa fundi friji kuna mafriji mabovu yamesimama kama askari waliosahauliwa, mengine milango imeng'olewa. Ndani ni safi. Nilipitisha kidole juu ya kabati nikitafuta vumbi. Hakuna. Nikapitisha kidole juu ya redio. Hakuna. Mwanamke gani huyu anafuta vumbi hata la redio?

Na mwanangu anaongea! Aliongea tangu mlangoni. Mwalimu wa hesabu kachana suruali, rafiki yake kahama dawati, mama mdogo kamfundisha kupiga chapa kwa vidole vyote kumi. Bi Taratibu kazi yake ni kupiga chapa na kutoa fotokopi kwenye kibanda karibu na mahakama. Kwangu Chiriku alikuwa amekaa mwaka mzima kama picha ya ukutani. Huku sauti imerudi. Nikajiuliza, kwani sauti yake alikuwa ameificha wapi?

Ilipofika saa kumi na mbili jioni Chiriku akapaza sauti, "Mama mdogo, saa!"

Bi Taratibu akaja na vikombe viwili vya maji. Chiriku akatoa kidonge chake kwenye chupa. Bi Taratibu akafungua kopo la majani ya chai, akatoa karatasi ya vidonge, akabonyeza kimoja.

"Leo tunamwombea nani?" akauliza.

"Mwalimu wa hesabu! Apate suruali imara!"

Wakagonganisha vikombe, wakameza, wakacheka. Basi. Imekwisha. Jambo lililonitoa jasho na machozi miaka saba, wao wameligeuza mzaha wa nusu dakika.

Nikajilazimisha kutabasamu. Hapo Chiriku akanigeukia.

"Mama, wewe humeza wapi?"

"Nini?"

"Dawa zako. Sijawahi kukuona."

Dawa zangu nazimeza kwenye karakana, nyuma ya mafungu ya sponji, nimeugeuzia mlango mgongo. Dawa ni zilezile, na saa ni ileile. Miaka yote ile mwanangu alikuwa anameza peke yake, na mwenzake wa kumeza naye yuko chini ya paa moja na yeye.

Ningekuwa na akili timamu, ningelia palepale na kumshukuru yule mwanamke. Badala yake nikasema, "Watu wazima hawamezi dawa mbele za watu." Nikamtazama Bi Taratibu usoni nilipokuwa nasema.

Akanyanyuka kwenda kuchemsha chai. Chiriku akamfuata. Nikabaki peke yangu sebuleni na lile kopo.

Nilifungua. Karatasi moja ya vidonge ilikuwa imekwisha, imekunjwa. Nikaitia kwenye sidiria.

* * *

Kesho yake asubuhi nilikuwa wa kwanza duka la dawa. Muuza dawa ni mzee wa miwani minene, haongei mpaka aulizwe.

"Hizi ni vitamini za aina gani?"

Akaigeuza karatasi. "Hizi si vitamini."

"Ni nini?"

"Ni dawa za sonona."

"Sonona ndiyo nini? Kichaa?"

"Si kichaa, mama. Ni huzuni iliyokaa mwilini mpaka ikageuka ugonjwa. Mtu halali, hali, haoni faida ya kuamka. Akimeza hizi na kupata mtu wa kuzungumza naye, anarudi kuwa yeye. Ila zisikatishwe ghafla. Ni zako?"

"Za jirani."

"Basi mwambie jirani asiache."

Maneno yote hayo aliniambia, na mimi niliyasikia. Nawaapia niliyasikia. Lakini nilipotoka mlangoni nilibeba neno moja tu, neno nililolitamka mwenyewe. Kichaa.

Najua mtauliza, hukujua kwa nini mwenzio awe na huzuni? Nilijua. Miaka miwili nyuma alizaa, mtoto akaishi wiki mbili. Mtaa mzima ulikwenda kumpa pole. Mimi sikwenda. Nilikaa kwenye karakana yangu nikigongelea misumari kwenye mbao za kochi, nikijiambia nina kazi nyingi.

Nikampigia fundi friji. Alikuwa buchani, anatengeneza friji la nyama, nasikia nyundo.

"Unajua mkeo anameza nini?"

"Vitamini."

"Vitamini zinauzwa siku hizi kwa jina jingine. Muulize mwenye duka la dawa."

"Mama Chiriku, sema unachosema. Nina friji limefunguka hapa."

"Ni dawa za akili."

Nyundo ikanyamaza.

"Unasema mke wangu ni chizi?"

"Mimi sijasema. Dawa ndiyo imesema. Mimi nauliza tu, mwanangu nimemwacha mikononi mwa nani?"

Akakata simu. Nikarudi kwenye cherehani yangu nikashona mto mzima bila uzi kukatika hata mara moja. Niliimba. Mteja akaniuliza, "Leo kulikoni, fundi?" Nikamjibu, "Leo Mungu kanikumbuka."

* * *

Nilitaka nini hasa? Nilitaka wagombane kidogo. Nilitaka lile jina zuri lichafuke, nesi asimwite tena Jumamosi ya walezi. Nilitaka mwanangu arudi mbio kwangu akisema, mama, kumbe wewe ndiye bora.

Alirudi, ni kweli. Siku mbili baadaye, Jumatano mchana, fundi friji alisimama mlangoni kwangu na Chiriku na lile begi.

"Umenisaidia," akaniambia. Alisema kwa dhati kabisa, na hapo ndipo nilipoanza kuhisi baridi. "Ningeishi na mgonjwa wa akili bila kujua. Miaka miwili ananidanganya, vitamini, vitamini."

"Amesemaje?"

"Aseme nini? Analia tu. Zile dawa nimezimwaga chooni jana, zote. Kama ana huzuni asali, kama watu wengine."

Nikakumbuka miwani minene ya muuza dawa. Zisikatishwe ghafla. Ningeweza kumwambia palepale. Neno lilifika kwenye ulimi, likakaa. Maana ningemwambia hivyo, angeniuliza, sasa kama ulijua hayo, kwa nini uliniletea habari nusu?

Akaondoka. Chiriku akaketi kwenye kochi lile, nililokuwa nimelishona upya kwa kitambaa cha maua. Hakulivua begi mgongoni.

"Utakula nini, mwanangu?"

Akatikisa kichwa.

"Shuleni vipi?"

Akatikisa kichwa.

Chiriku wangu amerudi, na sauti imebaki kule.

Ilipofika saa kumi na mbili jioni nikaleta vikombe viwili. Ndiyo, viwili. Nikatoa na dawa zangu, mara ya kwanza mbele yake. Nikajaribu kuchekesha.

"Leo tunamwombea nani?"

Akanitazama kama mtu aliyeona mgeni amevaa nguo ya marehemu.

"Huo si mchezo wako," akasema.

Niliumia, nikauma na mimi.

"Kwa nini kule ulikuwa unameza? Kwangu ulikuwa unaficha kwenye kochi, kule unameza unacheka. Mimi nimekukosea nini?"

Akakivuta kikombe chake karibu. Halafu akajibu bila hasira hata kidogo, kama anayesoma kitabu darasani.

"Ukinimezesha unalia."

"Silii."

"Unalia, mama. Unageuka dirishani unajifanya unatafuta sindano. Kila siku. Nikaona nikikwambia nimeshameza kabla hujarudi, hulii. Nikakuambia. Na kweli ukawa hulii."

Nilishika meza.

"Kwa hiyo uliziacha kwa ajili yangu?"

"Nilichoka kuwa kitu cha kukuliza."

Ana miaka kumi na miwili. Nimeirudia sentensi ile mara nyingi kuliko jina langu.

Akakichukua kidonge chake, akakiangalia, akakimeza. Hakugonganisha kikombe na mtu.

"Nimemeza kwa sababu nilimwahidi mama mdogo," akasema. "Na yeye aliniahidi. Unajua zamani alikuwa anazitupa zake? Alikuwa anazitupa, anashinda kitandani, baba anadhani ni uvivu. Aliniambia mimi tu. Alisema nilipofika ndipo alipopata mtu wa kumeza naye." Akakiweka kikombe chini. "Sasa baba kazimwaga. Na mimi mmeniondoa. Atameza nini, na nani?"

Nilidhani yule mwanamke ndiye aliyekuwa anamlea mwanangu. Kumbe walikuwa wanaleana.

Kabla sijajibu, simu ikaita. Fundi friji. Simu yangu spika ya sikioni imekufa, sisikii kitu mpaka niweke sauti ya nje. Nikaweka, nikailaza mezani kati yetu.

"Mama Chiriku, mke wangu yuko kwako?"

"Aje kwangu kufanya nini?"

"Sijui! Nimerudi nyumba iko wazi. Kazini hakwenda leo, nimeuliza. Simu yake imezimwa. Dada yake hajamwona, jirani hajamwona." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Hata siku aliponiacha haikuwa hivyo. "Asubuhi alikuwa ananiomba nimrudishie dawa. Nilimjibu vibaya. Muulize mtoto. Walikuwa na siri zao. Muulize kama anajua mahali anapopendelea kwenda."

Nikamtazama Chiriku. Alikuwa amesimama.

"Najua," akasema.

"Yuko wapi?" tukauliza wote wawili kwa pamoja, mimi na simu.

"Nitasema. Lakini kwanza nijibiwe jambo moja." Akanikazia macho mimi, si simu. "Nani alimwambia baba?"

"Chiriku," baba yake akasema, "huu si wakati wa..."

"Jana nilimuuliza mama mdogo. Akasema hajui. Nikamwambia, mimi nahisi ni mama, kwa sababu Jumapili alibaki peke yake na kopo la chai." Akaigeuzia simu mgongo. "Akanigombeza. Hajawahi kunigombeza hata mara moja, jana akanigombeza. Akasema, mama yako amekuzaa, amekulea peke yake, mwanamke kama huyo hawezi kunifanyia hivyo. Akaniambia nimwombe msamaha moyoni kwa kumfikiria vibaya. Nikaomba."

Machozi yakamtoka, lakini hakuyafuta.

"Kwa hiyo nataka kujua, mama. Niliomba msamaha wa kweli au wa uongo?"

Nje kulikuwa bado kweupe. Mtu alikuwa anapita na baiskeli akipiga kengele. Nikawaza mambo matatu kwa mara moja: kwamba mwanamke mmoja yuko mahali, bila dawa zake, na dakika zinakwenda. Kwamba nikisema kweli, mwanangu hatameza tena kitu chochote kutoka mkononi mwangu. Na kwamba nikisema uongo, simu iko hewani, na aliye upande wa pili anaujua ukweli.

"Kaa kwanza, mwanangu," nikasema.

"Nimesimama vizuri."

Kwenye simu nikamsikia baba yake anavuta pumzi ili aseme. Nikawahi kufungua mdomo kabla yake.